Asilimia Sabini

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imeanza leo alfajiri, nyepesi, ya kuinamia upande mmoja. Naandika hivyo kwa mazoea tu. Hakuna tena anayenilipa kuijua. Leo nimeanza kazi ofisi ya ustawi wa jamii.

Tangazo lilisema "shahada yoyote inakubalika". Yangu ni ya hali ya hewa. Miaka yote tangu nimalize chuo nimekaa kituoni nikisoma vipimajoto na kuandika utabiri ambao watu husikiliza ili wapate wa kumlaumu. Kisha ikaletwa mitambo inayojisoma yenyewe, tukabaki wawili wa kuifuta vumbi. Lakini si hilo tu, na hapa si mahali pa kujidanganya: nilichoka kuyajua mawingu yote kwa majina bila kumjua mtu hata mmoja aliye chini yake. Nilitaka kazi yenye watu. Nimeipata, na naogopa.

Ofisi ni chumba kimoja chenye meza nne, kabati la mafaili lisilofungika, na ndoo katikati ya sakafu kwa ajili ya paa. Nimeisogeza ndoo kidogo kushoto kwa sababu ilikuwa inakosa matone. Hilo ndilo jambo pekee nililofanya kwa ustadi leo.

Mkuu wa ofisi ni mwanamke mnene wa sauti ndogo. Amenipa miezi mitatu ya majaribio. "Mvua zikiisha, ama tunakuthibitisha, ama tunaagana vizuri," amesema. Mwenzangu wa meza ya dirishani wanamwita Mtaalamu, maana ndiye pekee hapa aliyesomea ustawi wa jamii mwanzo hadi mwisho. Kijana mwembamba, anakunja mikono ya shati kwa vipimo. Aliniuliza nimesomea nini. Nilipomjibu akatazama nje, mvua inanyesha.

"Naona umekuja na zako," akasema.

Nyumbani, mama mkwe ameamua kuwaambia majirani kwamba nimehamishwa, siyo kwamba nimeacha. "Kuhamishwa kuna heshima, mwanangu."

Jumatano, 5 Machi

Jirani ameniuliza kama aanike. Nimemwambia siko kazi hiyo tena. Ameanika, nguo zimelowa, amenuna.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu ana sheria moja isiyoandikwa kwenye kitabu chochote: ukiingia nyumba ya mtu, usiulize swali mpaka uwe na kazi mkononi. Ukikuta wanafua, fua. Ukikuta wanachambua mchele, chambua. "Ukimkalia mtu na mikono mitupu anajiona yuko mahakamani," anasema.

Nilidhani ni utani wa kupokelea wageni. Leo nimeongozana na Mtaalamu kwa mama mmoja mwenye watoto watano, na kabla sijakaa vizuri, yule kijana amekwisha kukunja suruali, yuko uani anasugua sufuria na kupiga soga na mwenye nyumba utadhani ni binamu yake. Mimi nilipewa mtoto nimbebe. Akanikojolea. Mama akacheka mpaka akajishika kiuno, na baada ya hapo ndipo akaanza kusema yaliyotupeleka.

Njiani nilimsifu Mtaalamu. Akasema, "Hayo chuoni hatufundishwi. Lakini wala kuhesabu mawingu hatufundishwi." Sina hamu naye.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kubwa tangu asubuhi, barabara imekuwa mto. Nimepewa kesi yangu ya kwanza mwenyewe.

Ni fundi friji. Mkewe alifariki, yeye akaangukia kwenye pombe. Mwaka jana alimwacha binti yake wa miaka minane amelala dukani, akafunga kufuli kwa nje, akaenda kunywa. Majirani walisikia mtoto analia, wakavunja kufuli. Tangu hapo mtoto yuko makao ya watoto. Baba anasema ameacha kunywa na anamtaka mwanawe. Wakati huohuo wapo mume na mke wa mji mwingine, watu wazuri tu, hawana mtoto, wameomba kumchukua moja kwa moja. Mwisho wa mvua kamati itaamua: arudi kwa baba, au aende kwa hao na baba abaki kumsikia kwenye simu. Taarifa ya kuisaidia kamati naiandika mimi. Mimi, wa mawingu.

Nilimkuta amepiga magoti nyuma ya friji moja kuukuu. Duka ni chumba kimoja. Nyuma ya pazia ndiko anakolala. Kitanda chake, na kingine kidogo kimetandikwa vizuri, hakilaliwi.

"Wewe ndiye mpya?" aliuliza bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Shika tochi. Sogeza. Sogeza tena. Hapo hapo."

Nikashika tochi. Alifungua skrubu, akazipanga kwenye kifuniko cha kopo, akapuliza vumbi. Muda ukapita, tochi ikaanza kunichosha mkono.

"Uliza basi," akaiambia kompresa ya friji. "Najua umekuja kuuliza."

"Sina swali bado."

"Kweli wewe ni mpya." Akakaza kitu, akafuta mikono. "Siku ile alikuwa amelala nyuma ya lile friji kubwa. Nikasema narudi sasa hivi. Sasa hivi yangu ikafika asubuhi. Tangu hapo sijagusa. Siombi mnionee huruma, mama. Ninachoomba ni mwanangu."

Nilipotoka, jirani yake wa mlango wa pili, mama fundi cherehani, aliniita kwa kidole. "Aliyevunja kufuli ni mimi," akasema, mguu wake hauachi kukanyaga cherehani. "Andika na hilo."

Jumanne, 18 Machi

Makao ya watoto. Yule binti, baba yake anamwita Chiriku kwa jinsi anavyoongea. Kwangu hakuongea. Nilimkuta anakunja shuka na wenzake, nikashika ncha ya pili. Tulikunja shuka zote za bweni kimya kimya. Mwishoni akauliza, "Lile friji la bluu limepona?" Nilisema sijui, nitauliza. Akanitazama kwa namna ya mtu aliyezoea kuambiwa "nitauliza".

Matroni ananiambia kila baba yake akija Jumapili, mtoto anaongea mpaka saa ya kuondoka, kisha ananyamaza wiki nzima. Nimerudi nyumbani nimechoka kuliko siku zote nilizokesha kituoni.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemaliza taarifa ya kwanza na nimeipenda.

Nilifundishwa hivi: ukitaka kuijua kesho, tafuta siku za nyuma zilizofanana na leo, uone zilifuatiwa na nini. Basi nikalipekua lile kabati, nikatoa mafaili ya wazazi wote waliokuwa walevi wakasema wameacha. Katika kila kumi, saba walirudia. Mwishoni nikaandika: "Uwezekano wa mzazi kurudia ulevi: asilimia sabini."

Mtaalamu aliisoma akiwa amesimama nyuma yangu, tabia ninayoichukia.

"Dada, futa hiyo."

"Kwa nini? Nimekosea hesabu?"

"Hujakosea. Ndiyo maana nasema uifute."

Nikampelekea Mkuu jinsi ilivyo. Macho yalimng'aa. Akasema miaka yote kamati inamsumbua kwamba taarifa zetu ni maneno maneno tu. Mtaalamu alitoka kwenda kunywa chai peke yake. Wivu, hakuna kingine.

Alhamisi, 27 Machi

Sasa nina wateja. Kila mwenye faili anataka asilimia yake. Hata mpika chai wa ofisi kaniuliza uwezekano wa mwanawe kufaulu mtihani. Nikamwambia arobaini, akaninyima sukari. Mkuu amechapisha fomu mpya zenye kisanduku chini kabisa: UWEZEKANO. Nyumbani mama mkwe hasemi tena nimehamishwa, anasema nimepandishwa. Sikumsahihisha. Nakiri kichwa kimevimba kidogo.

Jumanne, 8 Aprili

Kikao cha kwanza cha kamati. Mwenyekiti ni hakimu mstaafu mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Mkuu alisoma taarifa yangu ya fundi. Walisikiliza habari za duka, kitanda kidogo, ziara za Jumapili, kwa heshima ya watu wanaosubiri chakula. Mkuu alipofika kwenye sabini, kalamu zote ziliinama kuandika.

"Hapo sasa tunaelewana," akasema mwenyekiti.

Uamuzi utakuwa Mei, lakini niliona tayari wameegemea wapi. Wamemwagiza Mkuu amweleze baba hali ilivyo ili ajiandae. Nilitegemea kufurahi. Tangu kikaoni hadi nyumbani niliiona ile shuka ya bweni, mtoto ameshika ncha ya pili.

Alhamisi, 10 Aprili

Amekuja ofisini, nguo zimelowa, kofia mkononi. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Samahani kwa usumbufu, mama. Hiyo sabini umeitoa wapi?"

Nilimweleza mafaili. Nilimweleza vizuri, kama nilivyozoea kuwaeleza wanafunzi waliokuja kutembelea kituo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Katika hao watu, mimi nimo?"

"Humo. Ni watu wa zamani."

"Wananijua?"

"Hapana."

"Basi mimi ni yupi? Wa wale saba au wa wale watatu?"

Nikasema hesabu haifanyi kazi hivyo, haimsemi mtu mmoja, inasema kundi.

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

"Si ungeandika hivyo." Akavaa kofia, akamuaga kila mtu, hata mpika chai, akatoka kwenye mvua.

Mtaalamu hakunitazama. Angenicheka ningejua la kumfanya.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Duka la fundi limefungwa.

Jumanne, 15 Aprili

Bado limefungwa. Nimemwambia Mkuu labda ameenda kununua vipuri. Mkuu akanigeuzia macho taratibu na kusema, "Labda."

Wingu halisikii redio. Unaweza kulitabiria mvua mwaka mzima, halitajua, halitakasirika, litanyesha au halitanyesha. Fundi alisikia. Sikuwahi kufikiria hilo hata mara moja.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeamka na moyo mzito nikamwomba Mtaalamu tuende wote. Nilitegemea neno la kuchoma. Alichukua mwavuli tu.

Mvua ilikuwa ile ya kunyesha bila papara, ya siku nzima. Mbele ya duka maji yamejaa, yanaingia chini ya mlango. Mama fundi cherehani alitoka kibarazani.

"Alirudi juzi amelewa," akasema. "Kajifungia. Namsikia anakohoa, basi angalau yu hai. Safari hii siwezi kuvunja, nyundo yenyewe nilimwazima, iko humo ndani."

Nikagonga. Nikamwita. Nikasema nimekuja kuomba radhi, nikasema afungue tuongee, nikasema mengi. Mlango haukufunguka. Mtaalamu alinisubiri nimalize, kisha akaazima beseni kwa yule mama, akachuchumaa mlangoni, akaanza kuchota maji na kuyamwaga mtaroni. Nikaona haya kusimama, nikaomba beseni la pili.

Tulichota sijui muda gani. Maji hayakupungua, maana tulichokitoa mvua ilikirudisha. Nilikuwa nimelowa hadi mifupa na mgongo unaniuma, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi sikuwa najitetea moyoni.

Mlango ukafunguka. Fundi alikuwa na macho mekundu na ndevu za siku kadhaa. Alitutazama, akatazama mabeseni, akakunja uso kama anavyoliangalia friji lililotengenezwa na fundi mwingine.

"Mnapoteza nguvu," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Maji hayachotwi hapa, yanasukumwa kule, kwenye tundu la ukuta." Akaingia ndani, akarudi na mifagio miwili na ubao.

Tukasukuma watatu. Sakafu ilipoanza kuonekana, akaegemea mfagio.

"Nilikunywa," akasema. "Sabini yenu imetimia."

"Nilikosea kuisema," nikajibu. "Nilikuandika wewe kwa habari za watu wengine. Nisamehe."

Alitikisa kichwa, sikujua kwa kukubali au kukataa. "Utaandika kwamba nimekunywa?"

"Nitaandika. Siwezi kuacha."

"Andika. Ila usije ukaandika kwamba wewe ndiye uliyeninywesha. Mkono ni wangu." Kisha akamgeukia Mtaalamu. "Nawe umeloa chepechepe. Ingieni, nichemshe chai."

Alhamisi, 17 Aprili

Nina mafua. Fundi alifika ofisini asubuhi, amenyoa, akamweleza Mkuu kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alianguka. Mkuu alikuwa anachambua mafaili, akampa rundo moja amsaidie. Walikaa hivyo hadi saa ya chai.

Nimemwuliza Mtaalamu kwa nini siku ile hakunilazimisha kufuta.

"Ungenisikia?"

"Nisingekusikia. Nilidhani una wivu."

"Nilikuwa nao," akasema. "Nimesoma miaka minne, unakuja wewe na mvua zako, Mkuu anakushangilia. Lakini wivu haukuifanya ile namba iwe sawa." Akakunja mkono wa shati. "Acha kuuliza kama atakunywa, dada. Hata yeye hajui. Uliza akinywa, ufunguo anao nani."

Nimelifikiria hilo siku nzima nikipenga kamasi. Sijui kwa nini nilimwona mwembamba na wa dharau. Mwembamba ni kweli.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeanza upya. Kila baada ya siku mbili niko dukani, nashika tochi, na siulizi la kesho. Naangalia nyumba kwa jicho jingine: mtoto akiachwa humu, atatokaje? Mlango ukifungwa kwa kufuli la nje, aliye ndani hana njia. Nilimwonyesha fundi. Leo nimekuta ameng'oa komeo zima na kuweka kitasa kinachofunguka kwa ndani hata mlango ukiwa umefungwa. Amekiweka chini, kwenye kimo cha mtoto. Mtu mzima inabidi ainame.

Ufunguo wa pili, wa kukaa kwa jirani, ulikuwa mgumu zaidi. Mama fundi cherehani aligoma katakata.

"Mimi si yaya wa mtu. Ameniliza mwaka jana yule. Unajua kusikia mtoto analia nyuma ya mlango?"

Nilikuwa nimeshika ncha ya kitambaa chake akikata. Akakata mpaka mwisho.

"Aje aniombe mwenyewe," akasema. "Siyo serikali."

Fundi alienda, ufunguo mkononi. Sijui walisemezana nini. Nilibaki kwenye baraza nikitazama mvua ikikatika. Alirudi hana ufunguo mkononi na akaanza moja kwa moja kufungua friji la mtu.

Jumanne, 29 Aprili

Nimemwambia Chiriku kwamba friji la bluu limepona. Akauliza lilikuwa na nini. Nimekwama. Amenieleza yeye, kwa kirefu, habari za gesi.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua inapungua. Mume wangu anasema siku hizi siongei chakula kikiwa mezani, nasikiliza tu, na kwamba inamtisha. Mama mkwe akasema, "Mwache, ndiyo kazi ya wakubwa."

Jumatano, 14 Mei

Hajagusa tangu siku ile. Kila nikipita najikuta nanusa hewa. Naichukia pua yangu.

Wale mume na mke wamekuja kumtembelea mtoto. Nilitaka sana wawe wabaya. Mwanamke alimletea sweta aliyoifuma mwenyewe, na mumewe alimwuliza Chiriku maswali ya friji na kuyasikiliza majibu. Nimerudi nyumbani nikiwa sina wa kumchukia.

Jumanne, 20 Mei

Kamati. Anga nyeupe, hakuna tone.

Asubuhi Mkuu alinirudishia fomu. "Kisanduku kiko wazi."

"Nimekiacha makusudi."

"Wataniuliza."

"Watume kwangu, Mkuu. Mimi ndiye niliyewafundisha vibaya."

Alinipima kwa macho. Alikuwa na haki ya kukasirika, fomu hizo alizichapisha yeye. Akachukua mkoba wake. "Twende. Na ukiniaibisha, tutaagana vizuri kweli kweli."

Fundi alikaa kwenye benchi la ukutani, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Pembeni yake, akiwa amemwachia nafasi ya mtu wa tatu, mama fundi cherehani. Sikuwa nimemwita.

Nilisoma taarifa. Nilisoma siku aliyokunywa bila kupunguza neno. Nilisoma kitasa, ufunguo, ratiba yangu ya kumtembelea, shule iliyo hatua chache kutoka dukani. Mwenyekiti akashusha miwani ya pili.

"Mara iliyopita ulitupa sabini. Na baada ya sabini mtu huyu amekunywa. Kwa hiyo sasa ni ngapi?"

"Sina namba, mheshimiwa."

"Themanini? Tisini? Lazima tuandike kitu hapa."

"Andikeni kwamba sijui."

Mjumbe mmoja akacheka puani. Mwenyekiti hakucheka. "Binti yangu, umesoma chuo kikuu mambo ya utabiri, halafu unakuja mbele yetu kusema hujui?"

Nikasema namba ile ilitoka kwa watu wengine, na ilipomfikia mtu huyu ilimwumiza. Nikasema anaweza kunywa tena na anaweza asinywe, na hakuna mtu chumbani humo anayejua, hata fundi mwenyewe. "Ninachojua ni siku hiyo ikifika mtoto atatokaje, na nani atakuja. Hayo nimeyaandika yote."

"Na nani huyo atakayekuja?"

"Mimi," nikasema.

"Na mimi," ikatoka sauti ukutani, kali. Mama fundi cherehani alikuwa amesimama. "Simpendi mtu huyu, nisidanganye. Lakini ufunguo ninao. Safari hii sitavunja kitu."

Walitutoa nje. Fundi alikuwa anahesabu vifungo vya shati lake kwa kidole, juu hadi chini, chini hadi juu. Wale mume na mke walikuwa benchi la pili na mwanamke alikuwa ameshika mfuko wa nguo za mtoto mapajani. Sikuweza kumtazama.

Walipotuita, mwenyekiti alisoma haraka. Mtoto anarudi kwa baba, chini ya uangalizi wangu, kwa mwaka mmoja. Wamegawanyika, akasema, na amepiga kura yeye kuamua. Fundi aliinama, akashika magoti yake, akabaki hivyo. Yule mwanamke alimkabidhi Mkuu mfuko. "Mpeni tu," akasema. "Zitamtosha yeye, hazitamtosha mwingine."

Ofisini Mkuu amenipa barua yangu. Sijathibitishwa. Nimeongezewa miezi mitatu mingine. "Hujafukuzwa pia," akasema, "na kile kisanduku nitakifuta kwa wino." Mtaalamu alinisogezea chai yake, ina sukari.

Jumamosi, 24 Mei

Nilimleta mwenyewe kutoka makao. Njia nzima aliongea mpaka nikasahau kituo cha kushukia. Tulipokaribia dukani akanyamaza, akanishika mkono.

Fundi alikuwa amepaka chumba rangi nyeupe, ukuta wa upande wa kitanda kidogo bado unanuka. Walisalimiana kwa haya, kama wageni wawili waliokutana mlangoni, kila mmoja anampisha mwenzake. Kisha mtoto akaona friji asilolijua, akauliza lina nini, wakainama wote wawili nyuma yake, na pale ndipo nikapumua.

Tulikula. Niliosha vyombo. Nilipochukua mkoba niage, Chiriku alinifuata hadi kitandani kwake, akakaa, akauliza bila kushusha sauti:

"Baba atakunywa tena?"

Fundi alikuwa amesimama na sahani mkononi. Alibaki nayo. Ningeweza kusema hapana. Midomo yangu iliishika hiyo hapana, ilikuwa tamu, na wote wawili waliihitaji.

"Sijui, mwanangu," nikasema.

Aliitafakari. "Na akinywa?"

"Utafungua mlango kwa ndani, utaenda kwa mama wa cherehani. Halafu utanipigia simu, nami nitakuja."

"Hata ukiwa umelala?"

"Nitaamka."

"Namba yako iko wapi?"

Nikafungua mkoba kutafuta karatasi. Akakataa kwa kichwa. "Karatasi zinapotea. Andika ukutani."

Nilimtazama baba yake. Ule ukuta aliupaka juzi, kwa mikono yake, kwa ajili ya siku hii. Aliweka sahani chini. Alienda kwenye meza ya kazi, akapekua katikati ya bisibisi na nyaya, akapata kalamu nene anayoandikia majina ya wenye friji, akaijaribu kwenye kiganja chake, akanipa.

Nikapiga magoti kando ya kitanda, kwenye kimo cha mtoto, nikaandika tarakimu ya kwanza.

"Kubwa zaidi, mama," fundi akasema nyuma yangu. "Aione hata taa ikizimika."